Kazi ya Wanne, Jina Langu Peke Yangu

Kuna neno limenikwama kooni tangu muhula wa pili, na leo nataka kulitema mbele yenu, liwalo na liwe.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena la kisasa, lisilofutika ovyo. Shida ni kwamba liliandika uwongo, na uwongo wenyewe ulinifaa mimi.

Wengi wenu mnaifahamu programu ya maktaba. Zamani (hata si zamani, ni mwaka juzi tu) ukitaka kuazima kitabu ulipiga foleni mbele ya lile daftari kubwa lenye jalada jekundu, na kitabu kikipotea hakuna aliyejua kimepotelea kwa nani. Basi sisi wanne wa Chama cha Kompyuta tukajifunga kibwebwe tuandike programu ya kuazimia vitabu. Kompyuta, au tarakilishi kama Mwalimu mlezi wa chama hiki anavyotaka tuseme, tuliyopewa ilikuwa moja. Siku ya kwanza aliyeiketia ni mimi. Nikaiwekea Git, nayo Git ikanitaka nijitambulishe: jina na anwani ya barua pepe. Nikaandika yangu. Basi. Mambo yote yalianzia hapo, na sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Kwa wale wasioijua, Git ni programu inayotunza historia ya programu nyingine. Ukimaliza kipande cha kazi unakiweka kwenye historia kwa ingizo moja. Ingizo hilo hubeba ujumbe mfupi wa ulichofanya, tarehe na saa, jina la aliyeandika, na jina la aliyeingiza. Naam, majina mawili! Aliyeibuni, Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya mradi wa Linux, ambako watu wengi hutuma marekebisho yao kwa barua pepe lakini wachache tu ndio wenye idhini ya kuyaingiza. Anayeandika ni mmoja, anayeingiza ni mwingine, na Git haitaki kuwachanganya. Kisha kila ingizo hupewa utambulisho wa tarakimu na herufi 40, unaokokotolewa kutokana na yote yaliyomo ndani yake pamoja na utambulisho wa ingizo lililotangulia. Ukigusa herufi moja tu ya jina katika ingizo la kale, utambulisho wake unabadilika, na wa linalofuata, na wa linalofuata, hadi la mwisho. Ni kama nyavu: ukikata fundo moja la mwanzo, utashona hadi ncha ya pili.

Sasa kwa kuwa nimetaja nyavu, twendeni ziwani kidogo. Sisi wa Usenge hatuhitaji kuelezwa. Alfajiri mashua za omena zikirudi, katika fuo zetu nyingi utamkuta karani wa BMU pale bandani na daftari lake. Anauliza mashua ni ya nani, samaki wanapimwa, anaandika. Kinachobaki kwenye karatasi ni chombo na uzito, na chombo ni cha tajiri. Tajiri, kama mnavyojua, ni mwenye mashua na nyavu. Pengine usiku huo alilala kwake Bondo, kajifunika blanketi gubigubi. Wale waliokesha majini na taa zao, wakapigwa na upepo kule upande wa Mageta, karatasi haiwajui. Sisemi karani anakosea. Daftari lake ni la kupima samaki, si la kupima watu. Tena kanuni za BMU za mwaka 2007 zenyewe ziliwatambua wavuvi wasio na mashua na kuwapa nafasi katika kamati, kwa hiyo kuna pahali wanaonekana. Ninachosema ni kwamba atakayekuja miaka kumi baadaye akalisoma daftari lile tu, atadhani matajiri wa Usenge walikuwa watu hodari sana wa kuvua.

Nirudi maktabani. Sikilizeni nani alifanya nini.

Kuhesabu siku ambazo kitabu kimechelewa si mchezo. Ukihesabu hivi hivi tu, mwanafunzi aliyeazima kitabu siku mbili kabla ya likizo ya Agosti atarudi akutane na faini ya siku zote alizokuwa nyumbani, na hapo mtapigana. Lazima programu ijue likizo, ijue mapumziko ya katikati ya muhula, ijue hata ile Ijumaa tuliyorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Aliyelitatua jambo hili ni mwenzetu mmoja, binti ambaye mamake huanika omena ufuoni. Aliandika kwanza kwa penseli katika daftari la hesabu, nyumbani, usiku, kwa sababu zamu yake ya kompyuta ilikuwa fupi. Siku nyingine alikaa mwenyewe akapiga chapa. Siku nyingine alinisomea, mimi nikapiga chapa. Mimi kusema kweli sehemu ile nilikuwa siielewi vizuri. Hata leo ikiharibika nitahangaika.

Wa tatu ni kiranja wa maktaba wa wakati ule. Huyu hakuandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini aliingiza majina ya mamia ya vitabu, na kila Ijumaa alikuja na karatasi: kitabu fulani kimerudishwa lakini programu inasema bado kiko nje, wanafunzi wawili wenye majina yanayofanana wanachanganywa, ukibonyeza mara mbili kinaazimwa mara mbili. Bila karatasi zile tungekuwa na programu ya kuonyesha wageni tu. Wa nne alichora kwenye manila namna kila ukurasa utakavyokuwa, kisha akahamia shule nyingine katikati ya mwaka, na mchoro wake ndio mnaouona mpaka sasa.

Na mimi? Mimi niliunganisha vipande, nikaandika sehemu ya kutafuta vitabu, nikawa mtu wa funguo na nywila. Si haba, lakini si yote.

Siku ya kutoa zawadi mwaka jana, mgeni mmoja mjuzi wa mambo haya aliomba tumwonyeshe historia ya programu. Nikaifungua kwa fahari. Maingizo 63. Jina moja, mara 63. "Kumbe ni wewe peke yako!" akasema, watu wakapiga makofi. Hapo, wenzangu, nilikuwa na sekunde kama tatu za kusema la. Nikatabasamu.

Nilipewa begi, seti ya hesabu, na mwaliko wa kwenda Kisumu mwezi wa Desemba kujifunza kazini kwake wiki tatu. Nikaenda! Yule binti alikuwa amesimama safu ya nyuma siku ile. Jioni tukipanga viti akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, wala hakukasirika: "Mimi nilidhani sote ni wa chombo kimoja. Kumbe wewe ndiwe tajiri." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Mwaka huu, muhula wa pili, alikuwa amekwisha kumaliza shule na anatafuta mahali pa kujifunza kazi. Pahali alipokwenda aliulizwa: umewahi kuandika nini? Akataja programu ya maktaba. Wakaomba kuona. Akafungua nakala ya historia, na kila mstari wa ile hesabu ya siku, ile aliyoiandika kwa penseli usiku, ukatokea na jina langu. Kazi yake mwenyewe ikawa ushahidi wa kumkana. Alinisimulia tulipokutana sokoni, na safari hii sikucheka.

Nilipotafuta cha kujitetea nilikutana na kisa kimoja kilichonifurahisha kwa muda. Tarehe 16 Aprili 2005, Torvalds aliiingiza Linux yenyewe katika Git kwa mara ya kwanza. Mradi ulikuwa umeanza mwaka 1991. Kazi ya watu chungu nzima ya miaka 14 ikaingia kwa mpigo mmoja, faili zaidi ya 17,000, mistari zaidi ya milioni 6, chini ya jina lake peke yake. Katika ujumbe wa ingizo lile alieleza mwenyewe kwamba hakujisumbua kuileta historia yote ya nyuma, ingawa ilikuwapo. Kwa hiyo hadi leo ukiiuliza Git ni nani aliyeandika mstari fulani wa kale ambao haujaguswa tangu siku ile, itakujibu ni Torvalds, hata kama uliandikwa na mtu mwingine kabisa. Nikasema, aha! Kama mkubwa huyu amefanya hivyo, mimi wa Usenge ni nani?

Lakini nikasoma zaidi, na furaha ikaniishia. Kwanza, ujumbe wake ulisema wazi kilichotokea. Pili, majina ya waandishi yalibaki yameandikwa ndani ya faili nyingi zenyewe, na mradi una faili maalumu liitwalo CREDITS linaloorodhesha waliochangia. Tatu, historia ya nyuma ilihifadhiwa kando, anayetaka aitafute. Sisi hatukuwa na ujumbe, hatukuwa na faili la majina, hatukuwa na kando. Tulikuwa na mimi na tabasamu langu.

Tusidhani pia kwamba ukiweka majina sawasawa kwenye historia basi haki imetimia. Hapa nchini kuna mfano ambao wengi wetu tumepita karibu nao bila kujua. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Kutokana na kazi kama hiyo ikazaliwa OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret Februari 2006, na juu yake ikajengwa KenyaEMR ambayo iko katika vituo vingi vya afya vya nchi yetu. Programu ya OpenMRS iko wazi. Yeyote anaweza kuisoma pamoja na historia yake, na majina ya waandishi wa nchi mbalimbali yamo. Lakini hebu fikirini: ni nani hugundua kwamba fomu inauliza mambo mawili kwa swali moja? Ni muuguzi. Ni nani huona kwamba mgonjwa mmoja amesajiliwa mara mbili? Ni karani. Watu hao hawagusi msimbo, kwa hiyo historia ya msimbo haina pa kuwaweka mpaka mtu aamue kuwaweka. Taarifa ya Mosoriot iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitaalamu ina orodha ya waandishi, na wa kwanza ni Joseph Rotich wa Moi. Wanasayansi walikwisha jifunza zamani kwamba jina linahitaji pahali pake. Waandishi wa programu bado wanajifunza.

Watu wa Linux nao wana ustaarabu mmoja ninaoupenda. Chini ya ujumbe wa ingizo huongeza mistari ya majina: Reported-by kwa aliyetoa habari ya kosa, Tested-by kwa aliyejaribu, Suggested-by kwa aliyetoa wazo. Mwaka 2004, kampuni moja ikiwa imekwisha kwenda mahakamani kuhusu asili ya msimbo wa Linux, wakaongeza Signed-off-by, ambayo mtu huweka kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi ile. Mnaona? Jina si la sifa tu, ni la dhamana pia. Programu ikikosea faini ya mtoto wa watu, mtamtafuta nani? Mtanitafuta mimi, nami nitawajibu nini kuhusu hesabu nisiyoielewa?

Nilipolipeleka jambo hili kwa mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, aliniambia: "Kijana, tenda wema nenda zako." Naomba radhi kumpinga hapa. Methali ile ni ya mtenda wema kujiambia mwenyewe. Haiwezi kuwa yangu mimi kumwambia yule niliyechukua sifa yake. Tajiri akiwaambia wavuvi watende wema waende zao, nanyi mnajua wataenda wapi: wataenda mashua nyingine.

Wengine katika chama walisema, tena kwa haki kidogo, kwamba tukianza kuhesabu majina tutaleta majivuno. Mtu atavunja kazi ya saa moja kuwa maingizo kumi ili aonekane mchapakazi. Ni kweli, hilo hutokea. Tena ukiiambia Git ionyeshe kila mstari uliguswa mwisho na nani, mtu aliyesogeza tu nafasi za mwanzo wa mistari atatokea kama ndiye aliyeandika faili zima. Na Git haimchunguzi mtu; ukiiambia unaitwa Rais, itaandika Rais. Mwaka 2024 dunia nzima ilishtuka pale mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye hadi leo hajulikani ni nani hasa, alipogunduliwa ameficha mlango wa nyuma katika programu ya XZ Utils baada ya kuichangia kwa miaka. Kwa hiyo sisemi majina ya Git ni msahafu. Ingizo moja la mistari mitatu laweza kuwa lilichukua wiki mbili za kuumwa kichwa. Wenye kuhesabu maingizo kama wanavyohesabu magoli na waache. Lakini eti kwa sababu mizani yaweza kuibiwa, basi tusipime kabisa? La hasha! Asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye historia ile watatu hawakuwapo.

Ninachokiomba Chama cha Kompyuta si kikubwa. Anayeketi kwenye mashine aandike jina lake kabla ya kuanza, hata kama ni ya dakika ishirini. Ni amri fupi tu. Mkifanya kazi wawili, mmoja akisoma na mwingine akipiga chapa, mwisho wa ujumbe wekeni mstari wa Co-authored-by wenye jina na anwani ya yule wa pili. Maneno hayo ya Kizungu yaacheni yalivyo, maana GitHub tangu 2018 huyatambua yakiwa hivyo hivyo na kuwaonyesha wote wawili. Ila wale wa karatasi za Ijumaa tunaweza kuwaandika kwa lugha yetu: Aliyegundua kosa, fulani. Aliyechora, fulani. Ujumbe ni maneno tu, Git haibagui lugha. Sisi wa Chama cha Kiswahili tutawasaidia maneno mkikwama, bure kabisa.

Na ifanyike siku ile ile. Msingoje. Mimi nilingoja, na sasa nimebaki na maingizo 63 ambayo siwezi kuyasahihisha bila kuivunja historia yote, nayo imekwisha nakiliwa kwenye mashine tatu na shule mbili jirani. Tulijadiliana jioni nzima kama tuibomoe tuijenge upya. Tukaamua tuiache kama ilivyo, na makosa yake, ila tuseme ukweli juu yake.

Ingizo la 64 ni langu. Limeongeza faili moja liitwalo WACHANGIAJI, lenye majina manne na maelezo ya nani alifanya nini, sehemu kwa sehemu, na ujumbe usemao kwamba maingizo yaliyotangulia yana jina langu kwa sababu ya kompyuta moja na kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Nimemwandikia pia yule mgeni wa Kisumu barua ya maneno hayo hayo. Hajajibu bado.

Jumamosi iliyopita yule binti alikuja maktabani kwa mwaliko wangu. Nikamfungulia lile faili. Alilisoma polepole, akarudi juu, akasoma tena, kisha akaguna. Nilikuwa nimekosea herufi moja ya jina lake, jina la nyanya yake aliyerithi. Nikanyoosha mkono nisahihishe. Akanizuia. "Ondoka hapo," akasema. Akakaa yeye kwenye kiti, akaandika jina lake na anwani yake pale Git inapouliza, akaitia ile herufi, akaandika ujumbe wa maneno mawili. Hilo ndilo ingizo la 65.